Raba za skrubu kwa barafu ya majira ya baridi: mwongozo kamili wa kuzifunga na kukimbia nazo

Kila ifikapo Desemba maswali huwa yaleyale kutoka Minneapolis, Winnipeg, Oulu na miji mingine ya baridi ambako Waswahili wamehamia. Mmoja kafunga skrubu kwenye raba zake, zikadondoka kabla hajafika nusu ya njia. Mwingine zinamchoma unyayo. Wa tatu kanunua meno ya chuma ya kuvalisha juu ya kiatu, na bado kaanguka mbele ya mlango wake mwenyewe.

Makosa yenyewe ni machache na yanajirudia. Skrubu huwa ndefu mno, au zimefungwa mahali ambapo soli haina mpira, au zimebanana sehemu moja. Na wapo waliofunga vizuri kabisa lakini wakakimbia kwenye barafu kwa hatua ndefu zilezile za lami kavu.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza raba za barafu mwenyewe kwa skrubu fupi za bati. Nimechagua njia hii kwa sababu raba za kiwandani zenye meno mara nyingi huzidi dola 150, ilhali pakiti ya skrubu ni dola chache na raba kuukuu unayo tayari. Wanaostahili kununua za kiwandani nimewataja chini.

## Vitu vya kuandaa

- Raba kuukuu ya kukimbilia, ambayo soli yake bado ina mpira mbele na kisiginoni.
- Skrubu za bati zenye kichwa cha pembe sita, urefu wa milimita 9.5. Marekani na Kanada omba namba 8, urefu wa inchi 3/8. Ulaya omba 4.2 × 9.5. Chukua 30: za miguu yote miwili na za akiba.
- Drili ya betri, au bisibisi yenye soketi inayokaa kwenye kichwa cha skrubu hizo. Za Marekani kwa kawaida huchukua soketi ya robo inchi, za Ulaya milimita 7. Jaribu soketi na skrubu hapohapo dukani kabla ya kulipa.
- Maka peni, rula, na sindano ndefu ya kushonea magunia.
- Kipande cha ubao cha kulazia kiatu.
- Soksi kuukuu ya kuviringisha mkononi wakati wa kukagua ndani.

Kichwa cha skrubu unayoitaka kinafanana na cha zile zinazofungia mabati juu ya nyumba kwetu, ila hii ni fupi na haina mpira chini yake. Ukiweza kupata yenye mfereji katikati ya kichwa, chukua hiyo, maana kingo za mfereji nazo huuma barafu.

Usichukue za chuma cha pua kwa kudhani ni bora. Hazishiki kutu, kweli, lakini nyingi ni laini kuliko chuma kigumu kilichopakwa zinki, na kokoto huzila upesi.

## Kwanza jua unakanyaga nini

Watu wengi husema "barafu" kwa kila kitu cheupe kilichoko chini. Kwa mkimbiaji, hali hizi zina tofauti kubwa.

Theluji iliyoshindiliwa. Imekanyagwa na watu hadi ikawa ngumu, na inalia chini ya kiatu. Raba ya porini yenye meno makubwa ya mpira inatosha. Skrubu zinasaidia, ila si lazima.

Barafu ya kioo. Theluji imeyeyuka mchana, usiku ikaganda. Hapa mpira wa aina yoyote hauna lake. Hii ndiyo kazi ya skrubu.

Barafu nyembamba juu ya lami. Hii ndiyo inayoangusha watu wengi kwa sababu haionekani. Ukiona lami inang'aa kama imelowa, lakini magari yanapita bila kurusha hata tone la maji, hiyo ni barafu. Skrubu zinashika, ila kwa kuwa utando ni mwembamba, zinagonga lami chini yake na kuchakaa.

Uji wa theluji. Theluji iliyochanganyika na maji. Skrubu hazisaidii sana, na tatizo kubwa ni miguu kulowa.

Lami kavu. Usikimbie na skrubu hapa. Vichwa vya chuma vinateleza juu ya lami, vinaliwa, na kila hatua inagonga mguu bila ule ulaini wa mpira. Kama zaidi ya nusu ya njia yako ni lami kavu, achana na skrubu na usome maelezo ya meno ya kuvalisha mwishoni mwa mwongozo huu.

Jambo la joto linawapotosha wengi. Barafu huwa telezi zaidi ikiwa karibu na nyuzi sifuri, kwa sababu juu yake kuna utando wa maji. Ikifika nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri inakuwa ngumu na kavu, na kiatu kinashika zaidi. Kwa hiyo siku ya kuogopa si ile ya baridi inayouma masikio. Ni ile ya Januari ambayo jua limetoka, kila kitu kinachuruzika, na jioni halijoto inashuka tena.

Na usiitegemee chumvi wanayomwaga barabarani. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu kuanzia kama nyuzi 9 chini ya sifuri, yaani 15 kwa kipimo cha Farenhaiti. Chini ya hapo njia inaweza kuwa na chumvi tele na bado ikawa kioo.

## Hatua ya 1: Chagua raba inayofaa

Geuza raba uangalie chini. Unatafuta mpira mgumu, kwa kawaida mweusi au wa rangi iliyokolea, uliobandikwa juu ya sponji. Mpira huo ndio unaoshika nyuzi za skrubu. Sponji peke yake haishiki. Skrubu iliyofungwa kwenye sponji tupu inaonekana imekaa vizuri ukiwa nyumbani, halafu inatoka kwenye kilomita ya kwanza.

Kataa raba za aina hizi:

- Zenye mfuko wa hewa au jeli. Skrubu moja ikiutoboa, kisigino kinazama upande mmoja.
- Zenye bamba la kaboni ndani. Skrubu haipiti, na ukilazimisha inapasua bamba.
- Zilizoisha kiasi kwamba sponji imejitokeza mbele, chini ya vidole.

Raba ya lami yenye soli bapa ni rahisi kufanyia kazi kuliko ya porini. Kwenye soli bapa kichwa chote cha skrubu kinabaki nje na kufika kwenye barafu. Kwenye raba ya porini, ukifunga katikati ya meno ya mpira, kichwa kinajificha na hakigusi chochote. Wengi wamefunga hivyo wakalalamika kuwa skrubu hazifai kitu. Kama una ya porini tu, funga juu ya jino lenyewe, na uchague meno mapana.

Angalia pia nafasi ya ndani. Utavaa soksi nene ya sufu, kwa hiyo kiatu kilichokuwa kinabana tangu zamani hakifai. Lakini kisipwaye. Skrubu zinashika barafu ghafla, na mguu unaocheza ndani ya kiatu unateleza mbele hadi kucha za vidole zinakuwa nyeusi.

Utajua umefaulu: mbele na kisiginoni kuna mpira wa kutosha, na ukivaa na soksi ya sufu vidole vinacheza lakini kisigino hakiinuki.

## Hatua ya 2: Pima unene wa soli

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowachoma unyayo.

Usipime kwa kuweka rula ubavuni mwa kiatu. Kwenye raba nyingi za siku hizi sponji imepandishwa pembeni kama ukingo wa bakuli, na mguu wako umekaa chini zaidi kuliko unavyoonekana ukiangalia kwa nje.

Toa soli laini ya ndani. Legeza kamba hadi mwisho na uvute ulimi wa kiatu ili uone ndani. Chukua sindano, ichome kutoka chini kwenda juu kwenye sehemu ya mbele, pale unyayo unapopanuka kabla ya vidole. Sukuma taratibu mpaka ncha ichungulie ndani. Mkono wako usiwe ndani ya kiatu wakati unasukuma. Shika sindano kwa kucha pale inapoingia kwenye mpira, ichomoe, uipime kwenye rula.

Sindano ikigoma katikati kama imegonga kitu kigumu, huenda kiatu kina bamba ndani. Tafuta kingine.

Ukipata milimita 14 au zaidi, skrubu ya 9.5 ni salama. Kumbuka kwamba kichwa kinabaki nje na soli ya ndani unairudisha baadaye, kwa hiyo kuna nafasi ya ziada. Ikiwa ni chini ya 14, tumia skrubu ya milimita 6.5, au robo inchi, kwa sehemu ya mbele. Kisiginoni karibu kila raba ni nene zaidi na 9.5 inaingia bila shida.

Usishawishike na skrubu ndefu kwa kudhani zitashika zaidi. Inayofanya kazi kwenye barafu ni kingo za kichwa. Urefu wa shina hauongezi chochote huko nje, ila unakaribisha ncha kwenye mguu wako. Kwa sababu hiyohiyo, usithubutu kufunga skrubu kutoka ndani ili ncha zitokeze chini. Ncha hizo zinalala au kuvunjika kwenye lami, na kichwa kinabaki kikikukandamiza unyayo.

## Hatua ya 3: Weka alama

Hapa chukua muda wako, kwa sababu skrubu 12 zilizopangwa vizuri zinashinda 25 zilizojazwa ovyo. Uzito wako unagawanyika kwa kila kichwa kinachogusa chini. Ukiweka vingi karibu karibu, kila kimoja kinapata uzito mdogo, hakiumi, na vyote kwa pamoja vinaelea juu ya barafu kana kwamba ni kipande kimoja cha chuma.

Mpango ninaoupendekeza kwa kila kiatu ni huu:

- Tatu ubavu wa nje wa sehemu ya mbele.
- Tatu ubavu wa ndani wa sehemu ya mbele.
- Moja karibu na ncha, chini ya kidole gumba. Hii ndiyo inayokusukuma mwisho wa hatua.
- Tano kisiginoni, zimezunguka kwa umbo la kwato.

Acha kama sentimita moja kutoka ukingoni. Ukikaribia zaidi, mpira unachanika na skrubu inatoka na kipande. Kati ya skrubu na skrubu acha angalau sentimita mbili.

Sehemu mbili ziache wazi. Ya kwanza ni katikati ya soli chini ya upinde wa mguu, kwa sababu haigusi ardhi. Ya pili ni moja kwa moja chini ya kifundo cha kidole gumba. Pale ndipo uzito wote unapopita, na hata skrubu isiyotokeza ndani utaihisi kama kijiwe kilomita nzima.

Ukimaliza kiatu kimoja, kiweke soli kwa soli na mwenzake ili alama za pili zifanane na za kwanza. Mguu mmoja ukishika na mwingine ukateleza, anayelipa ni nyonga.

Utajua umefaulu: alama zote ziko juu ya mpira, hakuna iliyo kwenye sponji tupu, na viatu vyote viwili vinafanana.

## Hatua ya 4: Funga skrubu

Fanya kazi hii ndani ya nyumba, kiatu kikiwa na joto la chumbani. Kiatu kilichotoka nje kwenye baridi kina mpira mgumu unaopasuka badala ya kupisha nyuzi.

Laza kiatu juu ya ubao, soli ikiangalia juu. Kikandamize kwa mkono kwenye kisigino au ubavuni. Usiingize mkono ndani ya kiatu kukishikilia. Drili ikiteleza au skrubu ikipitiliza, kiganja ndicho kinachopokea.

Weka drili kwenye mwendo wa chini kabisa na nguvu ndogo ya kukaza. Huna haja ya kutoboa tundu kwanza. Simamisha skrubu wima kabisa juu ya alama, egemea drili kwa uzito wa bega, kisha bonyeza taratibu.

Kwanza ncha itazunguka juu ya mpira bila kuingia. Endelea kuegemea. Mara itauma, mpira utatoa mlio mwembamba, na kichwa kitaanza kushuka. Kiangalie kichwa hicho usikiache. Kikigusa mpira, na mpira ukabonyea kidogo kukizunguka, achia papo hapo. Nusu mzunguko zaidi ya hapo unakata nyuzi ambazo skrubu imejichongea, na haitashika tena.

Ukihisi skrubu inazunguka bure bila kukaza, tayari umezikata. Itoe, sogea sentimita moja, ufunge upya. Usijaze gundi kwenye tundu lilelile ukitarajia itashika. Gundi inasaidia kuzuia maji yasiingie, lakini haiwezi kuwa badala ya mpira.

Kama huna drili, bisibisi ya mkono inaweza. Ni kazi ya jasho kwenye mpira mgumu, ila ina faida moja: unasikia mkononi mahali hasa pa kuacha.

Utajua umefaulu: ukikivuta kichwa kwa vidole hakichezi, vyote vimelala sawa bila kuinama, na vyote vina kimo kimoja.

## Hatua ya 5: Kagua ndani

Viringisha soksi kuukuu mkononi, ingiza mkono, upapase soli yote taratibu. Kisha chukua tochi uangalie. Unatafuta ncha iliyotokeza, au kinundu ambapo sponji imesukumwa juu.

Ukikuta ncha, itoe skrubu hiyo na uweke fupi zaidi mahali pake. Kuweka soli mbili za ndani ili kuifunika ni kujidanganya, kwa sababu sponji inakandamizwa kila unapokanyaga, na baada ya kilomita kadhaa ncha itafika tu.

Rudisha soli ya ndani, vaa viatu, simama juu ya zulia kuukuu au ubao, inuka kwa vidole, shuka kwa visigino. Kama hakuna kinachokuchoma wala kukusukuma, endelea.

## Hatua ya 6: Jaribu nje kabla ya kukimbia

Vaa viatu ukiwa mlangoni, si chumbani. Skrubu zinakwaruza mbao na kupasua vigae, na juu ya vigae vyenyewe utateleza vibaya kuliko ungekuwa pekupeku. Hali ni hiyohiyo kwenye sakafu za maduka, ngazi za mawe yaliyolainishwa, mifuniko ya chuma ya mitaro na ngazi za umeme. Wanaokimbia wakapitia dukani wakirudi wabebe ndala kwenye mfuko. Usiendeshe gari na viatu hivi pia.

Tafuta kipande cha barafu tambarare karibu na nyumba. Simama, hamisha uzito mguu hadi mguu. Tembea hatua fupi. Kisha jaribu kuuburuta mguu mmoja mbele kwa makusudi: ukikwama na kukwaruza, skrubu zinafanya kazi. Ukiteleza, angalia kama theluji imejaa kwenye vichwa, au kama vichwa vimezama kati ya meno ya mpira.

Tembea dakika kumi. Rudi, hesabu skrubu. Zote zikiwepo, hizo zitakaa.

## Hatua ya 7: Kimbia

Skrubu zinakupa mshiko, lakini haziondoi barafu. Namna ya kukimbia lazima ibadilike.

Fupisha hatua. Mguu utue chini ya nyonga, usitangulie mbali mbele. Hatua ndefu inatua kwa kisigino kikiwa kimeinama, na kwenye barafu kisigino hicho kinaendelea na safari bila wewe.

Sahau saa. Dakika kwa kilomita za msimu wa kiangazi hazina maana hapa. Kimbia kwa pumzi: uweze kuongea sentensi nzima.

Usikate kona. Punguza mwendo kabla ya kona na uizunguke kwa upana. Skrubu zinashika ghafla, na ukigeuza mwili huku mguu umeng'ang'ania chini, goti ndilo linalopinda. Jeraha la namna hii halikuwapo ulipokuwa na raba za kawaida, kwa hiyo walichukulie kwa uzito hasa wenye magoti yaliyowahi kuumia.

Kwenye mteremko tembea. Sioni aibu yoyote hapo, na mtu akikucheka mwache atangulie.

Angalia theluji mpya. Theluji laini ya sentimita mbili juu ya barafu ya kioo inaficha kila kitu. Skrubu fupi zinaweza zisifike chini. Siku hizo tembea kwanza kipande chote cha njia unachokishuku.

Ukianguka, usinyooshe mkono kujizuia, maana hivyo ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika. Kunja viwiko, jikunje, angukia upande wa paja na bega. Ni rahisi kusema, lakini ukilifikiria kabla ya kutoka mwili hukumbuka.

Giza nalo ni sehemu ya barafu. Helsinki mwezi Desemba ina mwanga wa mchana wa saa sita tu hivi, na wengi wetu tunakimbia kabla au baada ya kazi. Vaa taa ya kichwani na viakisi mwanga. Nchini Finland sheria inamtaka atembeaye gizani avae kiakisi, na dereva ambaye hawezi kusimama upesi kwenye barafu anahitaji kukuona mapema zaidi ya kawaida.

Onyo la mwisho la hatua hii linahusu maziwa yaliyoganda. Minnesota ina maziwa mengi na yanavutia, maana ni tambarare na hayana magari. Idara ya maliasili ya jimbo hilo inashauri angalau inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya iliyo angavu ndipo mtu atembee juu yake. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ni dhaifu zaidi, na karibu na mito inayoingia ziwani unene hubadilika ndani ya hatua chache. Hujapima, usipande.

## Hatua ya 8: Baada ya kukimbia

Gonganisha viatu hadi theluji itoke, pangusa chumvi kwa kitambaa chenye maji, na uvikaushe kwenye joto la kawaida la chumba. Usiviweke juu ya hita. Joto kali linalegeza gundi ya soli na kukausha sponji ikasinyaa, na soli inayoanza kuachia haishiki skrubu. Jaza magazeti ndani, uyabadilishe yakilowa.

Pitisha kidole kwenye vichwa. Vipya vina kingo kali unazozihisi. Vilivyochakaa vinakuwa mviringo, vimeng'aa, mfereji wa katikati umefutika. Badilisha hivyo vya mviringo hata kama bado vimekaza. Unatoa ya zamani na kufunga mpya kwenye tundu lilelile, kwa mkono, taratibu. Tundu likilegea, sogea pembeni.

Kasi ya kuchakaa inategemea mji. Pale wanapomwaga kokoto kwenye njia za miguu, kama ilivyo sehemu nyingi za Sweden na Finland, vichwa vinaliwa upesi. Pale wanapomwaga chumvi, kinachotangulia ni kutu.

## Matatizo yanayojitokeza zaidi

Zinatoka za mbele tu. Mbele ndipo soli inapokunjika. Umezifunga kwenye mstari wa mkunjo. Zisogeze sentimita moja mbele au nyuma ya mstari huo.

Zinatoka popote. Umekaza kupita kiasi, au mpira ni mwembamba. Kama ni mpira, raba hiyo haifai.

Hazitoki, lakini nateleza. Vichwa vimechakaa, vimejificha, au ni vingi mno. Ukiwa na zaidi ya 16 kwa kiatu, punguza.

Ndama za miguu zinauma. Unakimbia kwa vidole kwa woga wa kuteleza. Tua kwa unyayo mzima, na kwa wiki ya kwanza punguza umbali hadi nusu.

Kiatu kimekuwa kigumu kama ubao. Sponji nyingi hukakamaa kwenye baridi. Viweke ndani usiku kucha, usiviache garini wala kibarazani.

## Wanaostahili kununua badala ya kufunga

Kama unakimbia mara nne au zaidi kwa wiki na njia yako ina barafu msimu mzima, nunua raba za kiwandani. Meno yake yana ncha za kabidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha skrubu kwa mbali sana na hustahimili lami na kokoto. Icebug ya Sweden hutengeneza aina ambayo meno yake hayakukazwa palepale: yanarudi ndani kidogo yakikutana na sehemu ngumu, hivyo kipande cha lami katikati ya njia hakikutesi.

Mwenye kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia asitumie skrubu za kufunga mwenyewe hata kidogo. Ncha ikitokeza anaweza asiihisi mpaka kidonda kiwe kikubwa. Huyu anunue za kiwandani, au avalishe meno ya nje.

Na kama njia yako ni barafu hapa, lami kule, meno ya kuvalisha ndiyo jibu, ila lazima uchague aina sahihi. Yale ya waya uliosokotwa kama springi yanafaa theluji iliyoshindiliwa, lakini kwenye barafu ya kioo yanateleza, na ndiyo yaliyowaangusha wengi walioniandikia. Yale ya minyororo yenye meno marefu ya sentimita moja hivi, mfano MICROspikes za Kahtoola, ni ya milimani na porini. Barabarani yanakuinua juu na kukuchosha. Kwa mkimbiaji wa mtaani tafuta yenye meno mafupi ya kabidi, kama NANOspikes za kampuni hiyohiyo.

Nenda dukani na raba ileile utakayoikimbilia. Yavalishe, ruka mara kadhaa, kisha jaribu kuupotosha mpira wake kwa mkono kushoto na kulia. Ukihama kutoka mahali pake, chukua saizi ndogo zaidi.